Povu Chini ya Daraja Jipya

Harufu iliwahi kufika kabla ya wageni. Saa moja asubuhi, vibarua wakiwa bado wanafunga vitambaa vya kijani na vyeupe kwenye nguzo za turubai, upepo mdogo ulishuka kutoka kilimani ukawapitia wote puani, na kila mmoja akamtazama mwenzake kwa jicho la kumshuku. Baadaye wakaelewa kwamba hakuna tumbo la mtu mmoja lenye uwezo huo. Kilikuwa ni kijito. Kilinuka mavi, na hapa tusitafute neno la adabu, kwa maana waliotafuta maneno ya adabu siku ile ndio walioharibu kila kitu.

Afisa wa mradi alisimama juu ya daraja jipya la mbao, leso puani. Alikuwa kijana nadhifu, amevaa kizibao cha kijani chenye mifuko tisa ambayo yote ilikuwa mitupu. Mbele yake njia ya matembezi ilifuata ukingo wa kijito, kilomita mbili za changarawe nyekundu iliyoshindiliwa vizuri, mabenchi, miti yenye vibao vya majina yake, na kila baada ya hatua mia tangazo: ARDHI HII IMEHIFADHIWA KWA AJILI YA VIZAZI VIJAVYO. Ilikuwa njia nzuri, mtu asiseme uongo. Saa nne mgeni rasmi angekuja kuikatia utepe.

"Wamefungulia tena," alisema binti aliyesimama nyuma yake na karatasi za ratiba.

Binti huyu alikuwa mhamasishaji wa mradi, kwa mkataba wa miezi mitatu uliokuwa unakwisha wiki ileile. Mtaani walimwita Kipaza tangu akiwa mdogo, kwa sababu alikuwa na sauti ya kuita mteja aliye ng'ambo ya kijito na mteja akageuka. Wateja wenyewe walikuwa wa baba yake, ambaye ni dobi.

"Nani amefungulia?" Afisa aliuliza, ingawa alijua.

"Klabu ya kule kilimani. Kila Jumamosi wanafungulia lile bomba la vyoo. Mimi nilikuandikia kwenye ripoti ya mwezi wangu wa kwanza."

"Shusha sauti." Afisa aliangalia huku na huku. "Ardhi hii yote, kuanzia hapa mpaka juu, imetolewa na nani?"

Jina la mwenye klabu lilikuwa limechongwa kwenye jiwe pale langoni, kubwa kuliko jina la kijito.

"Basi. Hilo la bomba tutaliongea naye kiofisi, siku nyingine, kwa heshima. Sasa hivi nataka harufu iondoke." Alikunja leso yake, akaifungua tena. "Baba yako anajua mambo ya sabuni, siyo?"

Kipaza alielewa papo hapo alichokuwa akiombwa. Baadaye alijaribu kujiambia kwamba hakuelewa, lakini alielewa.

"Anajua," akasema.

* * *

Nyumbani kwa dobi palikuwa na vyumba viwili na uwanja mdogo uliojaa mabeseni makavu. Mpaka miezi mitatu iliyopita mabeseni yale hayakuwahi kukauka. Dobi alikuwa na makaro matano ya zege pale ukingoni, aliyoyajenga mwenyewe, na hapo yeye na mkewe walifua mashuka ya zahanati, sare za wanafunzi, na mashati ya watu wasiotaka kujulikana kwamba wana mashati mawili tu. Mradi ulipokuja ukasema sabuni inaua kijito. Aliyekubali wa kwanza alikuwa mke wa dobi, mwanamke mkavu, mwepesi wa ulimi, aliyeitwa Mama Pasi na wateja wake.

"Ni kweli," alisema siku ile mbele ya mkutano. "Chini ya makaro yetu hata chura hakai. Mimi mwenyewe naona. Tupeni pengine pa kufulia, tutaondoka."

Wakaahidiwa kibanda cha kufulia kule juu barabarani, chenye bomba la maji na shimo la kupokea maji machafu. Sharti lilikuwa wabomoe makaro yao kwanza, kwa mikono yao, wapigwe picha. Dobi akayabomoa kwa nyundo kubwa siku mbili mfululizo, akitabasamu kila akiambiwa atabasamu. Tangu hapo hati ya kibanda ilikuwa kwenye faili ikisubiri saini, na Mama Pasi akinunua maji kwa ndoo. Zahanati ikachoka kusubiri mashuka, ikatafuta mtu mwingine.

Asubuhi hiyo Mama Pasi alikuwa akipiga pasi vitambaa vyeupe vya meza kuu. Vilikuwa kumi na viwili. Alikuwa amevifua, amevitia wanga, na hakuna aliyemlipa, kwa kuwa kwenye barua ya mradi kazi hiyo iliitwa mchango wa wanufaika. Afisa alipoingia na Kipaza, hakuacha kupiga pasi.

"Mama, kazi nzuri sana," Afisa alisema. "Mzee yuko?"

Dobi alitokea chumbani akifunga vifungo vya shati. Afisa akaeleza haja yake. Aliieleza kwa mzunguko mrefu, akapita kwenye hali ya hewa na changamoto za dharura, lakini mwishowe alilazimika kufika: kuna madumu mawili ya sabuni ya maji yenye harufu ya waridi, stoo ya klabu imejitolea, inatakiwa imiminwe kijitoni, upande wa juu wa daraja, kabla ya saa nne, na imiminwe na mtu anayejua kipimo.

Pasi ikasimama.

"Nisaidie kuelewa, mwanangu," Mama Pasi alisema. "Miezi mitatu mmetukataza kuosha hata soksi pale. Leo tumimine dumu zima?"

"Mama, ile ilikuwa uchafuzi. Hii ni hatua ya dharura."

"Na mavi yenyewe?"

"Mama!" Kipaza alisema.

"Mama nini? Wewe ulikulia kwenye maji yale. Mavi ukiyatia marashi yanakuwa nini?"

Afisa alipeleka leso puani.

"Yanakuwa mavi yaliyotiwa marashi," akajijibu mwenyewe, akarudisha pasi kwenye kitambaa. "Nendeni mkamwambie mwenye klabu afunge bomba lake. Ana miguu na ana choo, hatakosa na masikio."

Afisa akamgeukia Dobi na kumwonyesha faili jembamba alilokuwa amelishika kwapani. "Mzee, hati ya kibanda hii hapa. Leo mgeni rasmi ataisaini mezani, mbele ya watu. Ni jambo jema limekaribia kabisa. Sasa ikiwa mgeni rasmi atashuka garini akageuza kwa sababu ya harufu, atasaini nini?"

Dobi alilitazama faili. Hakuwa mwoga wala mjinga. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na nane ambaye mgongo wake usingeweza tena kubeba ndoo za maji kutoka kwa muuza maji, na alikuwa amemwona mkewe akizibeba.

"Mke wangu," akasema, "mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Ubusu. Mimi sikatai. Lakini hawa wanataka tuulambe."

"Ni siku moja."

"Nenda," Mama Pasi alisema. "Mimi naleta vitambaa. Nilisema nitavileta, nitavileta."

* * *

Fundi naye hukosea, na akikosea hukosea kifundi. Dobi alikuwa amefua maisha yake yote kwa sabuni ya mche, akiikata vipande na kuichemsha, na kipimo chake kilikuwa mkononi. Sabuni ya klabu ilikuwa ya waridi, nzito, ya kutumika matone machache kwenye mashine kubwa ya kufulia. Karatasi ya maelekezo ilikuwa imebanduka. Aliisugua kati ya vidole, akaona inateleza tu bila kutoa povu, akahukumu kwamba ni dhaifu.

"Hii wameichakachua," alimwambia binti yake. "Tumimine yote."

"Yote, baba?"

"Kwa maji yale? Hata yote haitoshi."

Jambo la pili alilosahau lilikuwa chini ya daraja. Vipande vya makaro yake mwenyewe mradi uliviokota ukavipanga ngazi tatu kijitoni, ili maji yaruke na watembeaji wasikie sauti ya kupendeza. Katika kichwa cha Dobi maji ya pale yalikuwa bado ni dimbwi tulivu, kama alivyoyajua kwa miaka ishirini na mmoja. Sabuni katika dimbwi tulivu haina neno.

Walikwenda kwenye kona ya kijito, hatua sitini juu ya daraja, wakapiga magoti kwenye nyasi. Baba akamimina dumu la kwanza. La pili lilimlemea, Kipaza akamwambia lete, akalimimina yeye. Sabuni iliingia polepole kwenye yale maji ya kijivu, na vipande vilivyokuwa vikielea, ambavyo wote wawili walijifanya hawavioni, vikageuka rangi ya waridi. Kipaza akageuza uso.

Lakini harufu ilibadilika. Kwa dakika kumi na tano ukingo mzima ulinukia kama saluni ya harusi, na Afisa alimpungia Dobi mkono kutoka darajani kwa furaha ya kweli.

* * *

Langoni, Mama Pasi alizuiwa. Mlinzi, ambaye suruali zake zote mbili Mama Pasi alizijua mpaka viraka, alimwambia mizigo hairuhusiwi kwenye njia ya matembezi.

"Huu ni mzigo wa meza yenu."

"Mama Pasi, mimi nimeambiwa mizigo. Sikuambiwa ya nani."

Akasimama juani robo saa na vitambaa kichwani, akiwapisha waliokuja na magari, mpaka mtu akatumwa kumchukua. Alipomaliza kutandika meza akapewa fulana ya kijani yenye maandishi KIJITO CHETU, FAHARI YETU, akaambiwa aivae juu ya gauni na akae nyuma, mahali paliposomeka WANUFAIKA. Dobi alikuwa tayari amekaa hapo. Yeye aliambiwa avue shati kabisa kwa kuwa kola ilitokeza, na shati lake lilikuwa mahali fulani ndani ya hema la wapishi.

Mgeni rasmi alifika saa tano. Mwenye klabu, mzee mnene mwenye sauti ya upole, ndiye aliyetangulia kusema. Alisema ardhi hatuirithi kwa wazazi wetu, tumeazimwa na wajukuu zetu. Alisema yeye binafsi hulala vizuri akijua kwamba maji yanapita mbele ya nyumba yake yakiwa safi. Watu wakapiga makofi. Mama Pasi aliitazama mikono ya wale waliopiga, mmoja mmoja, kana kwamba anataka kukumbuka nguo zao.

Kisha watoto wa shule waliokuwa karibu na daraja wakaanza kushangilia, na haikuwa zamu yao.

Povu lilikuwa linapanda. Sabuni nzito ilikuwa imetuama kwenye kona, na sasa maji yalikuwa yameibeba mpaka kwenye zile ngazi tatu, yakaruka, yakajipiga, na chini ya daraja pakavimba kilima cha povu. Kwanza kilikuwa cheupe na chenye wekundu kidogo, kizuri cha kuchezea. Kilipofika kwenye mbao za daraja kilikuwa kimebeba kila kilichokuwa ndani ya maji, na rangi yake ilikuwa ya uji ulioungua. Kilikuwa na karatasi, na vile vingine ambavyo kila mtu anavijua. Upepo uleule wa asubuhi ukashuka. Bonge moja likakatika, likapaa polepole, likatua kwenye kitambaa cha meza kuu kati ya chupa ya maji na bahasha ya hotuba, likapasuka, na kilichokuwa ndani yake kikabaki pale mezani.

Mke wa mgeni rasmi alitapika. Alijaribu kutapika kwa heshima, akashindwa.

"Nini hiki?" mgeni rasmi aliuliza, amesimama, tai ameibana kifuani. "Afisa! Povu hili limetoka wapi?"

Afisa alifungua mdomo, macho yakamwendea mwenye klabu, yakarudi. Halafu yakatua kwa Kipaza, aliyesimama pembeni ya jukwaa ameshika kipaza sauti. Hakumwambia kitu. Aliinua tu lile faili jembamba kidogo, kidogo sana, au labda alikuwa analiondoa tu mezani lisichafuke. Ndani ya faili lilelile, nyuma ya hati ya kibanda, kulikuwa na karatasi ya mkataba wake mpya.

Kipaza alimtazama baba yake kule nyuma. Dobi alitikisa kichwa. Alichomaanisha ni "usiseme kitu". Yeye alikuwa na hesabu yake rahisi: ukinyamaza, kila kitu hupita.

"Ni la madobi, mheshimiwa," Kipaza akasema, na sauti yake ikafika mpaka ng'ambo. "Wapo wachache ambao bado wanafua kijitoni kwa siri. Ndiyo maana mradi uliwaondoa."

Vichwa vyote vikageuka kuwatazama wanufaika.

Mama Pasi alisimama. Hakupiga kelele, wala hakuhitaji. "Haya," alisema. "Povu ni letu. Nakubali. Na kilichomo ndani ya povu ni cha nani?"

Mwenye klabu aliangalia saa yake.

"Nauliza tu. Maana mimi nafua nguo za watu, najua kila doa linatoka wapi. Njooni niwaonyeshe bomba, ni hatua mia mbili kwenda juu, njia yenu hiihii nzuri inafika. Mheshimiwa, twende. Hutachafuka, kuna changarawe."

"Mama amepigwa na jua," mgeni rasmi alisema, na watu wakacheka kwa nafuu kubwa, kicheko cha watu waliofunguliwa mlango. Afisa akampa ishara mpiga muziki. Muziki ukaanza. Msafara ukapanga mstari, utepe ukakatwa kwa haraka upande wa chini, mbali na daraja, na watu wote wakaifuata njia kuelekea chini, wakiongea kuhusu miti. Hakuna hata mmoja aliyekwenda juu.

Mgeni rasmi alipolipita faili alisimama kidogo. "Hiki kibanda cha kufulia kisubiri," alisema. "Hawa wanahitaji kuelimishwa kwanza."

Afisa alirudi kwa wanufaika akitazama chini. "Mzee, Mama, samahani. Naomba fulana. Wapiga picha bado wapo, na haitapendeza..." Hakumaliza.

Mama Pasi alivua yake, akaikunja pande nne kwa mazoea, akampa. Dobi naye akavua. Hakuwa na kitu ndani. Akavuka uwanja mzima kifua wazi kwenda kutafuta shati lake kwenye hema la wapishi, akipita katikati ya viti vilivyoachwa, mbavu zinahesabika, na mpiga picha mmoja aliyekuwa amebaki nyuma akaona ni picha nzuri, akaipiga.

* * *

Kipaza alirudi nyumbani jua likiwa bado kali. Alikuwa amepita njia ya mbali. Mkononi alikuwa na mkataba wa mwaka mzima, wenye mhuri, na kichwani alikuwa na maneno aliyoyapanga: kwamba mtu mmoja akiwa ndani ya ofisi atawavuta wengine, kwamba mwakani ataisukuma hati ya kibanda mwenyewe, kwamba kama angesema ukweli wangekosa vyote viwili. Maneno yenyewe hayakuwa ya uongo.

Mama yake alikuwa uwanjani anafua vitambaa vya meza kuu. Vilikuwa vimerudishwa vyote kumi na viwili, na ujumbe kwamba vinatakiwa Jumatatu. Alikuwa amefunga pua kwa kitambaa, anasugua kimoja ambacho hakikutaka kutakata, na pembeni kulikuwa na ndoo tatu za maji ya kununua. Dobi alikaa kwenye kizingiti, shati amelivaa na kulifunga mpaka kifungo cha juu.

"Shikamoo, mama," Kipaza alisema.

Mama Pasi alikamua kitambaa, akakikung'uta, akakitazama kwenye mwanga. Doa lilikuwa palepale. Akakirudisha kwenye beseni.

"Mama, shikamoo."

Aliongeza sabuni. Alisugua. Jirani aliyekuwa akipita na mwanawe alisikia, akapunguza mwendo asubiri jibu, kwa sababu alikuwa hajawahi kuona mzazi akiiacha shikamoo ya mwanawe ikianguka chini mara mbili. Halafu akaona aibu, akamvuta mwanawe wakaenda.

Machozi yalianza kumtoka Kipaza. Akamgeukia baba yake, sauti ile ya kuvuka kijito imebaki ndogo kabisa. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," Dobi akasema.

Mama Pasi aliinua uso kutoka kwenye beseni. Alimtazama mumewe, siyo binti, na alimtazama kwa chukizo ambalo Dobi hakuwahi kuliona kwa miaka thelathini ya ndoa.

"Umemwitikia?"

"Nitaachaje kumwitikia?" Dobi alisema. Alikuwa anatazama viganja vyake. "Dumu moja alimimina yeye. Moja nilimimina mimi."